Nikirudi Nimukute Bleu

Juma lililopita nilimsindikiza mdogo wangu mpaka Rughenda, kwenye kiwanja cha ndege. Ndege ilichelewa, maana hapa kwetu ukungu ndio unaoamua saa ya kuruka. Tukaingia katika buvette moja pembeni ya kiwanja, tukaagiza chai ya maziwa na mandazi. Baridi ya Butembo unaijua: kikombe unakishika kwa mikono miwili kabla hata ya kunywa.

Ndani palikuwa na sanduku la kioo lenye maji, limefunikwa kwa kioo juu, na humo samaki wadogo. Nyuma ya sanduku, mwenye buvette alikuwa amesimamisha kioo kikubwa cha kujitazama, ili wateja waone samaki wengi kuliko waliopo. Yule mama aliponiona nimeinama pale, akaanza kulalamika.

“Maman, angalia ule. Banamuleta toka ziwa Tanganyika, banasema ni wa bei. Siku ya Mungu alikuwa bleu mpaka unashangaa. Sasa eko kama matope. Ni ugonjwa ao banamuloga?”

Mdogo wangu aliweka kikombe chake chini, akanitazama. Sisi wawili tulikuwa hatujazungumza juu ya samaki tangu utoto wetu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, nikianzia mbali kidogo.

Baba yetu alikuwa fundi wa vioo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango wa mbao uliofunguka barabarani, na ukipita ulisikia almasi yake ya kukatia kioo ikikwaruza, kriii, kisha kidole kikigonga, tak, na kioo kikakatika sawasawa kama muhogo mbichi. Mimi nilikoroga masitiki: unga wa chokaa na mafuta, unakanda kama bundu, ugali wa kwetu, mpaka ushikamane usinate vidoleni. Harufu yake ilikuwa ndiyo harufu ya baba. Hata kanisani siku ya Mungu, amevaa shati jeupe, ukiegemea mkono wake ulisikia masitiki.

Sanduku la samaki alilitengeneza yeye mwenyewe, na halikuwa pambo. Wateja walikuwa wabishi, wanasema masitiki ya fundi huyu itapitisha mvua. Basi akaunganisha vipande vitano vya kioo, akajaza maji, akaweka mezani karibu na mlango. “Ikiwa inashika maji ya ndani,” aliwaambia, “itashindwa na maji ya inje?” Halafu maji peke yake yakaonekana mapweke. Siku alipokwenda ziwani kuweka madirisha kwenye nyumba moja kule chini, akarudi na bidon ya njano yenye samaki hai wanane, wale wadogo wasio na bei ambao wavuvi huwatupia ndege.

Kwetu, unajua, jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Mimi ni Masika, binti wa kwanza, na ukiita jina hilo sokoni Butembo wanawake ishirini watageuka. Baba akawapa samaki wake majina kwa utaratibu huohuo. Mmoja tu alikuwa wa bluu, bluu ya sketi ya shule ikiwa mpya, na mstari mweusi ukipita jichoni, na matone ya njano kwenye pezi la chini kama punje za mahindi. Huyo akawa Paluku, mwana wa kiume wa kwanza. Aliyemfuata kwa ukubwa akaitwa Kambale, wa pili, na mkia wake ulikuwa umekatika kidogo upande mmoja. Kambale alikuwa dume pia, lakini alivaa rangi ya matope kama majike.

“Ni mugonjwa?” nilimuuliza baba.

“Hapana. Eko na akili. Mukubwa akiwa hapa, mudogo hapana kuvaa bleu. Akivaa, atapigwa.”

Nyanya, mama yake baba, ambaye ndiye aliyetulea tangu mama alipofariki akimzaa kitinda mimba wetu, yeye hakuwapenda samaki wa kutazamwa. “Samaki ya kuangalia tu ni kumutukana Mungu,” alisema, huku anachambua maharagi. Lakini mara moja jike mmoja alivimba shavu, akakataa chakula siku nyingi, na baba akatuita tuone: alikuwa amewaficha watoto wake kinywani. Nyanya akaacha maharagi, akaja, akatazama muda mrefu. “Sasa huyu ni mama,” akasema. “Anafunga kinywa batoto bapone.” Tangu siku hiyo alikuwa anawatupia chembe za bundu akidhani hatumwoni.

Baba alikuwa na mchezo mmoja kwa ajili ya wateja. Aliuza pia vioo vya kujitazama. Akichukua kimoja na kukiegemeza kwenye sanduku, Paluku aliona dume mwenzake, akapanua mapezi, na rangi ikapanda palepale, bluu juu ya bluu, kama mtu amemwashia taa ndani. Watoto wa mtaa walipiga kelele. Baba aliacha kidogo, halafu akakiondoa. “Inatosha. Anachoka. Anapigana na mutu mwenye hapana shindwa.”

Nataka ukumbuke neno hilo, kioo. Kwetu kioo cha dirisha ni kioo, na kioo cha kujitazama ni kioo. Baba mwenyewe alisema ni kitu kimoja: kile cha pili kimepakwa mgongo tu. Na juu ya sanduku kulikuwa na kioo cha tatu, kifuniko alichokikata kwa kipimo, ili joto la maji lisitoke na samaki wasiruke nje. Usiku wa kiangazi, baridi ya kwetu inapozidi, alikifunika tena kwa gunia. Wale samaki walizoea ziwa la bonde lenye joto, na hapa tulikuwa mlimani.

Vita tulikuwa tumeshaizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Wenye bunduki walibadilika, bendera zikabadilika, na sisi tulijifunza kutofautisha mlio wa mbali na wa karibu huku tunateka maji. Wakati huo walipigana upande wa Beni. Kisha pakatulia, na mfanyabiashara mmoja wa kule akatuma habari kwamba madirisha yake yote yamevunjika, fundi aje. Baba alifurahi. Alisema Beni kuna joto, siku moja atatuhamishia kule pamoja na samaki, na Paluku hatahitaji gunia.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Baba alikuwa amemaliza kumwonyesha mteja mmoja ule mchezo, na kioo cha kujitazama kilikuwa bado kimeegemea sanduku. Alimbusu kitinda mimba, miaka minne, akamvuta sikio mdogo wangu wa kike, miaka minane. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akaniwekea mkono kichwani.

“Masika, nakuachia Paluku. Nikirudi nimukute bleu. Na kioo hapana toka pale. Umesikia?”

“Nimesikia, Papa.”

Akapanda juu ya mizigo, kati ya magunia na fremu, akiwa ameshika vioo vilivyofungwa kwa majani ya ndizi kama mtu anayebeba mgonjwa.

Nami nilikuwa mtoto wa kushika neno. Kioo hakikutoka.

Siku za kwanza Paluku aling’aa kuliko alivyowahi kung’aa. Alisimama mbele ya yule mwenzake asiyelala, mapezi wazi, akimrukia na kugonga kioo kwa mdomo, tik, tik, tik. Niliposhona shati, niliposaga, nilisikia tik hiyo, na nilijivuna. Nilijiambia: Baba akirudi leo, atamkuta bleu. Akirudi kesho pia.

Hakurudi kesho. Watu waliotoka Beni kwa miguu walisema mapigano yameanza tena. Na juma la pili Paluku akabadilika. Kwanza akawa mweusi kama sufuria, mwili mzima. Kisha weusi ukamtoka, akabaki kijivu na mistari iliyosimama, kisha rangi ambayo sijui jina lake, rangi ya maji yaliyooshea mchele.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Nyanya alisema samaki anasikia harufu ya kifo kabla ya mtu. Jirani yetu, muuza mafuta, alisema ni baridi, na hakukosea sana. Mama wa ng’ambo ya barabara alisema ni maji, mimi nateka ya chemchemi na Paluku alizaliwa katika maji ya ziwa. Askari mmoja aliyekuwa anakuja kuota jua mlangoni kwetu alicheka, “Mbisi oyo nzala! Samaki huyu ana njaa kama sisi.” Mwalimu wangu, ambaye alipita kuuliza kwa nini sikuonekana darasani, alivua miwani, akainama, akasema huenda anakosa hewa, au hofu inamrudisha ndani. Samaki akiogopa, alisema, rangi yake hurudi ndani ya ngozi kama watu wanavyoingia nyumbani.

Nilifanya yote. Nilipasha maji kidogo kidogo kwenye makaa. Nilimpa viini vya mayai ambavyo wadogo zangu walivitamani. Na kwa ajili ya ile hewa ya mwalimu, nikaondoa kile kifuniko cha juu, nikakiweka nyuma ya mlango. Mwalimu aligusa kile kioo cha kujitazama, akauliza, “Na hiki?”

“Hicho Papa alikataza,” nikasema.

Akaondoa mkono wake. Nani angebishana na neno la baba aliye safarini?

Siku moja asubuhi sikusikia tik. Paluku alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mdomo umeelekea kioo. Ilikuwa mapema, wadogo zangu hawajaamka. Nilimtoa kwa kijiko cha mbao, alikuwa mwepesi kama jani. Kile kioo nikakigeuza ukutani, maana sasa hakikuwa na kazi. Nikamzika nyuma ya nyumba, chini ya mmea wa marakuja, nikapanga udongo usionekane umechimbwa. Nilikaa pale muda, nikitafuta maneno ya kuwaambia.

Niliporudi ndani nilikuta kelele. Kitinda mimba amesimama juu ya kiti, anaruka, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya! Paluku amepona! Paluku amepona!”

Nilitazama. Katikati ya sanduku, pale ambapo Paluku alipenda kusimama, alisimama dume wa bluu, mstari mweusi jichoni, matone ya njano. Mkia wake ulikuwa umekatika kidogo upande mmoja. Kambale. Hakukuwa tena na mkubwa wa kumpiga, wala mgeni wa kwenye kioo, na kwa muda wa kuchimba shimo dogo alikuwa amevaa.

“Donc Papa iko nakuya,” kitinda mimba alisema. “Alisema atamukuta bleu.”

Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama kando, ananitazama mimi. Nami nilifunga kinywa, kama yule jike.

“Ndiyo,” nikasema. “Amepona.”

Siku zile, rafiki yangu, zilikuwa siku za furaha ndani ya nyumba yetu, na ndizo zinazoniuma kuliko zote. Kitinda mimba alilala akiimba. Kila lori lililopiga honi alikimbilia mlangoni. Nyanya alichinja kuku aliyekuwa amemficha kwa ajili ya sikukuu, akasema mwanangu asikute chungu cha sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama. Hakuniuliza kitu, lakini jioni alinishika kidevu kwa vidole vyake vyenye harufu ya moshi wa mkaratusi, akanitazama, akaniachia.

Lori lilikuja mchana mmoja wa mvua. Dereva alikuwa yuleyule. Hakupiga honi. Alishuka, akavua kofia, akauliza mkubwa yuko wapi, na nyanya alikuwa shambani. Nikasema, “Ni miye.” Alinitazama kama anayepima, kisha akatoa leso mfukoni. Ndani ya leso ilikuwa almasi ya baba, na kipini chake cha mbao kilicholika mahali pa kidole.

Alisema risasi zilianza baba akiwa juu ya ngazi. Alisema watu wa parokia walimzika vizuri, kwa sala. Alisema, sijui kwa nini alisema, labda kwa kukosa la kusema, “Ile dirisha alikuwa anaimaliza. Zingine zote zilipasuka. Ile yake ilibakia.”

Kitinda mimba hakuelewa. Alimshika dereva mkono, mtu mzima yule aliyelowa mvua, akamvuta mpaka mezani.

“Angalia. Iko bleu. Umuambie Papa akuye, iko bleu.”

Dereva alipiga magoti mbele ya sanduku, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akalia kwa sauti. Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Niliwaambia wadogo zangu wote wawili, palepale, kwamba huyu si Paluku. Paluku yuko chini ya marakuja. Na baba yuko Beni, hatarudi. Kitinda mimba alinipiga ngumi tumboni, akaniita mwongo, na alikuwa na haki.

Shule niliiacha mwaka huo, darasa la tano. Mwalimu alikuja mara mbili. Mara ya tatu alikuja na dirisha lake lililopasuka, akaniomba nilitengeneze, nikajua amekubali kwamba nimeshika kazi ya baba. Nyanya aliniambia sitakuwa Paluku hata nivae suruali, jina la mtu halivaliwi kama shati, lakini mkono unaweza kuazimwa. Nilivunja vioo vingi kabla ya kuusikia mkono wa baba ndani ya wangu.

Ulipita kama mwaka na nusu. Mama mmoja aliingia karakanani akasema, “Nipatie kioo.” Nikamuuliza, kama kila siku, “Ya kupitisha macho, ao ya kujiangalia?”

Nikasikia nilichosema. Nikaweka almasi chini. Nyuma ya mlango, kile kifuniko cha sanduku kilikuwa bado kimeegemea ukuta, kina vumbi, na kwenye kona yake alama ya dole gumba la baba katika masitiki iliyokauka. Kioo hapana toka pale. Kioo cha juu, cha kushika joto. Nilikuwa nimeondoa kile alichosema kibaki, nikabakiza kile ambacho yeye mwenyewe angekiondoa kabla ya kupanda, kama honi ya lori isingemharakisha. Neno la mwisho la baba yangu nililishika kwa nguvu zote, nikalishika kwa kichwa chini miguu juu. Na kwa sababu ya lile kosa, mtoto wa miaka minne alikuwa amefurahi bure kwa majuma mawili.

Yule mama aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni vumbi la chokaa.

Sikumwambia mtu. Kambale alikufa kwa uzee, akafuatwa na Kasereka, wa tatu, naye akavaa bluu kwa zamu yake, mpaka wakaisha. Nyanya alituacha. Sasa Butembo madirisha ni ya aluminium na mpira, hakuna anayekanda masitiki, na watoto wangu hawajui harufu ile. Almasi ninayo. Beni nimekwenda mara nyingi kwa kazi, na kila mara natazama madirisha ya zamani, kona ya chini, kama nitaona dole gumba. Sijaliona bado.

Hayo yote yalipita kichwani mwangu pale buvette, chai ikipoa. Mdogo wangu, ambaye sasa ni muuguzi na alikuwa anakwenda mbali kuanza kazi, aliniambia polepole:

“Yaya, miye nilijua ule hakuwa Paluku. Mukia yake ilikuwa inakatika.”

“Mbona hukusema?”

“Weye ulisema amepona. Nikasema basi, amepona.” Kisha akatazama kile kioo kikubwa nyuma ya sanduku, na yule samaki wa rangi ya matope akikigonga kwa mdomo. “Na siku Papa alisema kioo hapana toka pale. Nilikuwa karibu naye, akinikamata sikio. Nilisikia. Hata miye nilifikiri ni hii.”

Miaka yote hiyo. Alikuwa na miaka minane, na amelibeba kosa lile peke yake, upande wa pili wa ukuta uleule.

Injini ya ndege ilisikika juu ya ukungu. Yeye akasimama, akachukua mfuko wake. Nilimshika mkono, nikamwambia angoje. Nilivua kitenge changu cha mabegani, akashika pembe moja, nami nyingine, tukakifunika kile kioo cha kujitazama, chote, mpaka chini.

“Ehe! Bamama!” mwenye buvette alipiga kelele. “Décor yangu!”

“Mama,” nikamwambia, “kile cha juu ndicho cha kuacha. Hiki kinamuua.”

Akaja karibu, mikono kiunoni, kubisha. Samaki alikuwa ameacha kugonga. Alielea pale kidogo, mapezi yameshuka, kama mtu aliyerudi kutoka shamba la mbali, akageuka akaenda upande wa wenzake.

“Na kitenge yako?”

“Ikae.”

Nilimsindikiza mdogo wangu mpaka kwenye kamba inayozuia wasindikizaji. Kisha nikarudi mjini kwa miguu, mabega wazi katika baridi ile.